Dereva anayengojeshwa hajapumzika

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizitazama juu juu, zinapingana. Ya kwanza yasema kuwa subira huvuta heri. Ya pili yaonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu huzichukulia kuwa pambo la mazungumzo tu, kila mtu akichota ile inayomfaa kwa wakati wake. Lakini liko kundi moja la wafanyakazi nchini ambao kwao methali hizi si pambo bali ni hesabu ya riziki ya kila siku. Hao ni madereva wa malori makubwa yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Busia, Malaba na nchi jirani. Mwenye lori humtaka dereva ashike methali ya kwanza. Mwili wa dereva humkumbusha ya pili.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Zile saa ambazo dereva hakuwa ameshika usukani, lakini pia hakulala wala hakuwa huru kwenda atakako, ziandikwe wapi? Je, ni saa za kazi? Ni saa za mapumziko? Au ni saa zisizo na mwenyewe, zinazoanguka baina ya viti viwili na kupotea?

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu malori. Jibu langu ni kwamba mgogoro huu, ukiuchambua hadi kwenye mzizi wake, ni mgogoro wa maneno. Sheria za saa za kazi husimama juu ya maana ya maneno machache sana: kuendesha, kufanya kazi, kungoja na kupumzika. Anayeyapa maneno hayo maana ndiye anayeamua nani alipwe, nani alale, na nani aingie barabarani usiku akiwa na macho mazito.

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni safari ya takribani kilomita 930. Kama lori lingekuwa linakwenda tu bila kusimamishwa, hesabu ya saa ingekuwa rahisi, kwani mwendo ungejulikana, umbali unajulikana, na usingizi ungepangwa baina ya viwili hivyo. Lakini kazi ya dereva wa lori si kuendesha tu. Hungoja bandarini hadi kontena lipatikane na stakabadhi zikamilike. Hungoja penye mizani. Hungoja mpakani hadi wakala wa forodha amalize shughuli zake. Hungoja tena ghalani hadi wapakuzi wafike au mwenye mzigo atoe idhini. Katika kila kituo haambiwi atangoja kwa muda gani, na katika kila kituo hawezi kuliacha lori, kwa sababu foleni ikisogea naye sharti asogee, na akiibiwa mafuta au mzigo atadaiwa yeye.

Kiwango cha kungoja huku kimeacha alama hata katika majina ya miji yetu. Mlolongo, ule mji ulio kando ya barabara ya Mombasa kabla ya kuingia Nairobi, ulipata jina lake kutokana na msururu wa malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzito. Wakongwe hulikumbuka neno hilo kwa uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipopangwa foleni nyuma ya wagombea au picha zao, lakini madereva walikuwa wamepanga mlolongo wao wenyewe. Mizani ilihamishiwa Athi River, jina likabaki. Kule Malaba nako, Mei 2020, wakati madereva walipotakiwa kupimwa ugonjwa wa korona na kungoja majibu kabla ya kuvuka, malori yalipangana kwa kilomita nyingi. Januari 2022 msururu ukarudi, madereva walipogoma kwa kupinga ada ya kipimo hicho upande wa Uganda. Hayo yalikuwa matukio ya pekee, lakini yalifichua jambo la kila siku, kwamba katika biashara hii kungoja ni sehemu ya kazi, si ajali ya kazi.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho yaliyofanywa 2012, iliongezewa kifungu cha 66A ambacho kiliweka kikomo cha saa nane za kuendesha gari la abiria katika kila kipindi cha saa 24. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri adhibiti saa za kazi na ampe mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hizi ni nia njema. Lakini litazame neno linalobeba uzito wa kile kifungu cha trafiki: kuendesha. Kikomo cha kuendesha hakigusi saa za kungoja. Mtu akiendesha kwa saa saba, kisha akangoja kwa saa kumi huku akisogeza gari hatua kwa hatua, kipimo cha usukani peke yake kitasema bado amebakiwa na saa moja ya kuendesha, na kwamba yu mzima kama alivyoamka. Ama kuhusu mwili wake, huo haukuulizwa.

Wenzetu wa Ulaya walilikabili tatizo hili zamani kidogo, na inafaa tuone walivyoliamua, kwa mazuri yake na kwa kasoro zake. Katika malori yao makubwa hufungwa chombo kiitwacho takografu, kinachoandika mwendo wa gari na shughuli za dereva. Zamani kiliandika juu ya karatasi ya duara; tangu Mei 2006 malori mapya yalianza kufungwa kile cha kidijitali, ambapo kila dereva ana kadi yake. Chombo hiki kina alama nne. Usukani humaanisha kuendesha. Nyundo mbili zilizopishana humaanisha kazi nyingine, kama vile kupakia, kukagua magurudumu au kuandika stakabadhi. Kitanda humaanisha mapumziko. Alama ya nne ni mraba uliokatwa kwa mstari wa mshazari, na hiyo ndiyo inayonivutia mimi. Hiyo ndiyo alama ya kungoja, yaani hali ya mtu ambaye hafanyi kazi lakini yuko tayari kuitwa.

Ona basi ujanja wa chombo hiki. Lori likianza kwenda, takografu huandika usukani yenyewe bila kumwuliza mtu. Lori likisimama, chombo hakidhani kuwa dereva amepumzika. Huhamia kwenye nyundo, yaani hukisia kuwa dereva sasa anafanya kazi nyingine, hadi yeye mwenyewe abonyeze kitufe na kusema vinginevyo. Kwa maneno mengine, mashine imefundishwa dhana ambayo waajiri wengi wa kwetu bado hawajaifundishwa: kusimama kwa gari si kupumzika kwa mtu. Anayedai kuwa kulikuwa na mapumziko ndiye anayepaswa kutamka.

Nyuma ya alama hizo kuna sheria mbili. Ya kwanza ni Kanuni Na. 561 ya 2006 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Aprili 2007. Hiyo humpa dereva kikomo cha saa 9 za kuendesha kwa siku, ambazo zaweza kufika 10 mara mbili kwa juma. Saa 56 kwa juma. Na saa 90 kwa majuma mawili mfululizo. Baada ya kuendesha kwa muda wa saa 4 na nusu, sharti apumzike kwa dakika 45, na dakika hizo anaweza kuzigawa mara mbili, kwanza 15 kisha 30. Kila siku apate mapumziko ya saa 11 mfululizo, ambayo yaweza kupunguzwa hadi 9 kwa mara chache. Na kanuni hiyo haikuliacha neno mapumziko lielee hewani. Ilisema kuwa mapumziko mafupi ni kipindi ambacho dereva haruhusiwi kuendesha wala kufanya kazi nyingine yoyote, na ambacho hutumika kwa kurudisha nguvu tu, si kwa jambo jingine.

Msomaji atazame matokeo ya maana hiyo katika foleni. Tuseme dereva amekaa katika msururu kwa muda wa saa tatu, na msururu husogea kila baada ya dakika kumi. Katika saa hizo tatu hakupata hata mara moja dakika 15 zisizokatizwa. Kwa hiyo kisheria hakupumzika hata kidogo, ingawa gari lake lilikuwa limesimama kwa sehemu kubwa ya muda huo. Mpita njia atakayemwona ameegemeza kichwa dirishani atasema amepumzika. Sheria itasema hapana, na mwili wake utakubaliana na sheria.

Sheria ya pili ni Agizo Na. 15 la 2002, ambalo linahusu saa za kazi kwa jumla na si za usukani pekee. Kikomo chake ni wastani wa saa 48 kwa juma, na juma moja lisizidi saa 60. Humo ndimo kungoja kulikopewa fasili. Kungoja kuna hadhi yake ya pekee, si kazi wala mapumziko, iwapo dereva halazimiki kubaki mahali pake pa kazi ila anatakiwa kuwa tayari kuitwa, na iwapo muda wa kungoja unajulikana mapema, kabla ya kuondoka au kabla tu ya kungoja kwenyewe kuanza. Agizo hilo linataja waziwazi kungoja mipakani na kusafiri na gari lililopakiwa juu ya feri au treni. Lakini pale dereva anapotakiwa kubaki kazini akingoja kupakia au kupakua, bila kujua kungoja huko kutachukua muda gani, hiyo ni kazi, na huhesabiwa pamoja na kazi.

Nimeyatafakari sana masharti haya kwa sababu yanagusa jambo ambalo lugha hulijua kabla ya wanasheria. Tofauti baina ya kungoja na kufanya kazi haikuwekwa kwenye misuli ya mtu, bali kwenye elimu yake. Anayejua kuwa ataitwa baada ya saa tatu anaweza kupanga: alale, ale, aende msikitini au kanisani, ampigie mkewe simu. Asiyejua hana analoweza kupanga. Kila dakika inaweza kuwa ndiyo, kwa hiyo kila dakika humshika. Kutojua mwisho ndiko kunakougeuza muda wa mtu kuwa mali ya mwingine.

Marekani walipita njia nyingine. Mnamo 1944 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi mbili za wazima moto waliokuwa wameajiriwa viwandani. Mojawapo hujulikana kwa jina la Skidmore dhidi ya Swift. Watu hao walikuwa wakikaa kiwandani au karibu nacho usiku, wakilala na kucheza karata, ilhali moto ulikuwa nadra kuwaka. Je, walikuwa kazini? Jaji Robert Jackson hakukubali kwamba kungoja kamwe hakuwezi kuwa kazi. Alieleza kuwa ukweli wa kila kesi ndio utakaoonyesha kama mtu ameajiriwa ili angoje, au anangoja ili aajiriwe. Maneno ni yale yale mawili, yamebadilishana nafasi tu, na mshahara unahama pamoja nayo. Sisi tunaofundisha sintaksia hatuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba mpangilio wa maneno si suala la umaridadi pekee.

Hata hivyo dereva wa lori wa Marekani hakufaidika sana na hekima hiyo, kwa kuwa sheria ya 1938 iliyoweka malipo ya saa za ziada iliwaacha nje madereva wengi wa malori yanayovuka majimbo. Wengi wao hulipwa kwa maili. Kanuni zao huwapa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 tangu waanze kazi, na kwa kawaida dirisha hilo halisimami dereva anapongojeshwa ghalani. Akikaa saa tano akingoja kupakuliwa, saa hizo zimeliwa katika siku yake na hazikumletea hata senti moja ya maili. Kuhusu mapumziko ya dakika 30 baada ya saa 8 za kuendesha, kanuni ililegezwa Septemba 2020: sasa dereva anaweza kuyatimiza hata akiwa kazini, mradi haendeshi. Kwa Ulaya, basi, kupumzika ni kupumzika kazi. Kwa Marekani kunaweza kuwa ni kupumzika usukani tu. Neno moja, nchi mbili, na usingizi wa namna mbili.

Turudi nyumbani, kwenye lugha yetu wenyewe, ambayo nadhani ina jibu zuri kuliko tunavyoishukuru. Kiswahili hakichanganyi mambo haya. Kupumzika ni ndugu wa pumzi na kupumua. Ni kurudishiwa hewa. Kusubiri kumetokana na subira, nayo subira ni fadhila ya moyo, jambo ambalo mtu hulichagua. Kungoja ni kitendo cha kawaida kisichosema lolote kuhusu moyo wala mapafu. Lakini utajiri mkubwa umo katika unyambuaji wa vitenzi. Kutokana na ngoja tunapata ngojea, kisha ngojesha, kisha ngojeshwa. Dereva aliye Malaba kwa siku mbili hangoji tu. Anangojeshwa. Ile mofimu ya usababishi humleta mbele yetu mtu wa pili ambaye kitenzi cha kawaida kilikuwa kimemficha: yuko mtu, au ofisi, au kampuni, iliyomngojesha. Mara tukisema hivyo, swali linalofuata huja lenyewe: ni nani, na kwa nini asibebe gharama yake?

Sasa litazame daftari la safari la dereva wa kawaida. Aghalabu lina mahali pa kuandika alipotoka, alipofika na mafuta aliyotia. Halina mahali pa kungojeshwa. Jambo lisilo na safu katika daftari ni kama halikutokea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ipoteayo kirahisi kama saa za mtu maskini.

Ajabu ni kwamba hatukosi ufundi wa kupima. Lori letu halipiti mizani bila kujulikana uzito wake, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka gari lenye ekseli saba lisizidi tani 56. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa kufuli za kielektroniki, kontena likijulikana lilipo saa zote. Kontena lenyewe likikaa bandarini kupita siku zake za bure, hulipiwa ada ya uhifadhi. Maana yake ni kwamba kungoja kwa chuma kuna bei, na bei hiyo imechapishwa. Kungoja kwa mtu aliyekibeba chuma hicho hakuna bei. Na chombo kile cha setilaiti, pamoja na ustadi wake wote, huona tu kuwa lori limesimama. Hakiwezi kujua kama aliyemo ndani amelala fofofo au anakodoa macho akingoja mlio wa honi ya aliye mbele yake. Hilo sharti liandikwe na mtu, kwa neno.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu, na si za kupuuzwa. Wenye malori watasema: sisi hatukuziunda foleni hizi, mbona tulipie saa ambazo zimepotezwa na ofisi za watu wengine? Nawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika. Mwenye lori asiye na kumbukumbu ya saa hawezi kumdai mwenye ghala wala kuilalamikia ofisi yoyote kwa ushahidi. Hubaki kunung'unika, na hasara humshushia dereva kwa kumlipa kwa safari, iwe safari ilichukua siku mbili au tano. Daftari lenye safu ya kungojeshwa ni ngao ya mwajiri kabla ya kuwa ngao ya mwajiriwa.

Madereva nao watasema: ukituwekea daftari la haki, saa zitatuishia porini, tulale baina ya Mtito Andei na Voi mahali pasipo na mlinzi. Wengine watakiri, si mbele ya mwajiri, kwamba huandika mapumziko wakati walikuwa wakipakia, ili wabakiwe na saa za kufika nyumbani. Hata Ulaya udanganyifu huo upo, na ni mmoja wa makosa yanayosakwa na wakaguzi. Lakini tuulize chanzo chake. Mtu anayelipwa kwa safari au kwa kilomita ana kila sababu ya kuuita mchana usiku. Ndiyo maana ile Kanuni ya 2006 ilikataza malipo yanayofungamana na umbali au wingi wa mizigo pale yanapohatarisha usalama barabarani. Na ndiyo maana ilimruhusu dereva kupita kikomo ili afikie mahali salama pa kuegesha, mradi asihatarishe usalama na aandike sababu kwa mkono wake. Sheria nzuri huacha nafasi ya neno la mtu. Ila sheria hiyo itakuwa maneno matupu kwetu kama hatutajenga maegesho yenye mwanga, maji, choo na ulinzi katika njia nzima kutoka Mariakani hadi mpakani. Huwezi kumwamuru mtu alale kisha usimwonyeshe pa kulala.

Wako pia watakaosema kuwa haya ni mambo ya nchi tajiri. Si kweli. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 153 mnamo 1979, kuhusu saa za kazi na mapumziko katika uchukuzi wa barabarani. Unataka dereva asiendeshe mfululizo zaidi ya saa nne bila kupumzika, jumla isizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa juma, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo kila siku. Kuhusu vipindi vya kungoja ambapo dereva hana hiari juu ya wakati wake, mkataba unaacha mlango wazi: mamlaka ya kila nchi, makubaliano ya pamoja au njia nyingine inayokubaliana na desturi ya nchi iamue ni kwa kiasi gani vihesabiwe kuwa kazi. Unataka pia kuwe na daftari la udhibiti la kila dereva, na unakubali takografu kuchukua nafasi yake. Daftari si chombo cha tajiri. Ni karatasi na kalamu.

Nipendekeze basi mambo machache, nikianza na lililo rahisi. Daftari la dereva liwe na safu nne: usukani, kazi nyingine, kungojeshwa na mapumziko. Katika safu ya kungojeshwa paandikwe mambo matatu: saa aliyofika, saa aliyoitwa, na jina la mahali au ofisi iliyomngojesha, pamoja na mhuri au sahihi ya mhusika wa hapo. Iwapo dereva ameambiwa mapema muda atakaongoja na ameruhusiwa kuliacha gari mikononi mwa mlinzi, muda huo usihesabiwe kazini, ingawa alipwe posho yake. Iwapo hakuambiwa, au ilimbidi asogee na foleni, ihesabiwe kuwa kazi. Mapumziko yawe yale tu ambayo hayakukatizwa, na ambayo mtu hakuwa na wajibu wowote ila kurudisha nguvu. Na utingo naye awe na daftari lake, kwani mara nyingi ndiye anayekesha ili mwenziwe alale.

Jambo la pili linahusu saa yenyewe, na hapa naomba wahusika wasicheke. Mswahili huhesabu saa tangu jua lichomoze na tangu lizame. Tukisema saa nne asubuhi, saa ya ofisi huandika 10:00. Dereva akiandika tarakimu 4 peke yake, mkaguzi aliyezoea hesabu ya kizungu atasoma alfajiri. Saa sita zimezuka au zimetoweka kwa kosa la tafsiri, nazo saa sita zatosha kumfanya mwaminifu aonekane mwongo. Takografu za kidijitali nazo huhifadhi saa za dunia, zilizo nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivi kwamba saa nne yetu ya asubuhi humo ni 07:00. Basi daftari liseme wazi linatumia hesabu ipi, na maelekezo yake yachapishwe kwa Kiswahili, lugha ambayo dereva, utingo, askari wa trafiki na karani wa mpakani, wa Malaba hata wa Namanga, wanaielewa.

La tatu ni la Bunge. Sheria isiishie kwenye neno kuendesha. Itaje kungoja kwa jina lake, ikifasili, na imtwike yule anayengojesha sehemu ya mzigo. Ghala litakalolipia saa za dereva litajifunza upesi kupanga miadi. Ofisi ambayo muda wake umeandikwa katika madaftari elfu itaona haya, au angalau itaulizwa.

Hakuna anayesema kwamba foleni zitakwisha kwa sababu ya kalamu. Lakini kila usiku katika barabara ile hupita mtu aliyevuta foleni mchana kutwa, ambaye karatasi zake zasema amepumzika, naye anakutana uso kwa uso na basi lililojaa abiria waliolala. Abiria hao hawajui kilichoandikwa katika daftari lake. Ni haki yao kwamba kilichoandikwa kiwe kweli.